Hoteli Ikifungwa

Aprili walifunga hoteli kwa minyororo miwili,
wakageuza viti miguu juu barazani,
wakasema: Chengo, tutakupigia Julai, wageni wakirudi.
Nikashuka Kakuyuni na shati langu jeupe ndani ya rambo,
viatu mkononi, maana njia ilikuwa imeshalowa.

Nyumbani hakuna aliyenipa pole.
Nyevu alinitazama juu hadi chini
kama anayepima mbuzi mnadani.
"Baba, mwaka huu umekuja na mikono?"
Ninayo miwili, nikamwambia, ila imezoea sinia.
"Jembe liko nyuma ya mlango,"
akasema Jumwa kutoka jikoni, bila kutoka.

Mvua ilikuja usiku wa pili.
Kwanza tone moja moja juu ya bati,
kama mdeni anayebisha hodi kwa haya,
kisha ukoo mzima.
Asubuhi udongo ulitoa harufu ile
ambayo sijaweza kuieleza kwa Kiitaliano,
na nimejaribu, miaka tisa, nikiwa nimesimama mezani kwa watu.

Jongoo walitoka, wanene, wanang'aa kuliko viatu vyangu vya kazi.
Kaingu akawapanga foleni kizingitini,
akawahesabu hadi kumi na moja, akakosea, akaanza upya.
Wao hawakungoja.

Jumwa akashusha mbegu darini,
mahindi ya mdzihana yenye masizi ya mwaka mzima,
mbegu ya babake, na ya babake huyo,
ambayo haijawahi kuonja duka.
Tukayapukusa hadi vidole vikafa ganzi.

Kazi ikagawanywa: mimi nichimbe,
Nyevu adondoshe punje tatu, kila shimo tatu,
Kaingu afukie kwa kisigino.
Mbeyu, ambaye hajafika miaka minne, abebe kibuyu kitupu
ili asilie.

Mistari yangu ilipinda.
Kitambaa cha meza najua kukinyoosha
hadi pembe zisalimiane. Shamba halina pembe.
Kufikia saa nne malengelenge yalikuwa yamepasuka,
na Jumwa yuko mistari sita mbele, hageuki,
na mimi nyuma nikisoma mgongo wake:
Aprili ngapi umeinama hapa
nami niko Mambrui natafuta vibarua, natuma salamu?

Hakuna aliyemwona Mbeyu akiondoka.
Tulimkuta chini ya mpapai, ameketi juu ya kifusi kidogo,
kijiko kimesimikwa kando,
na kibaba kizima cha mbegu hakipo.
Zote. Shimo moja.
"Kuna giza huko chini," akasema. "Nimeziweka pamoja."

Nyevu, aliyehesabu tatu tatu tangu alfajiri, akalia kwa hasira.
Jumwa akafungua mdomo, akaufunga,
akakaa palepale kwenye matope.
"Jina tulimpa wenyewe," akasema,
na kicheko kikamtoka, kile ambacho
nilikuwa nimekisahau kina pengo upande wa kushoto.

Siku ya sita mahindi yalichungulia, sindano sindano,
na kunguru wakaja kuyang'oa kabla hatujamaliza kufurahi.
Chini ya mpapai kilisimama kitu kama ufagio wa kijani,
Mbeyu ubavuni na fimbo, askari, hana suruali.
Ilibidi nimwombe ruhusa.
Mche mmoja mmoja, na tonge lake la udongo,
nikauhamishia kwenye mapengo.
Nusu ikanyauka kufikia jioni. Mingine bado inafikiria.

Kunguru, lakini, hawakukoma.
Kaingu akaleta vijiti viwili. Nyevu akaleta kamba.
Hakuna aliyeniuliza kuhusu shati.
Sasa limesimama katikati ya shamba, mikono wazi,
kola imefungwa hadi juu kama meneja alivyotaka,
linachuruzika maji kwenye vifungo vya mikono.

Julai simu italia.
Nitawaambia wangoje kidogo.
Shati liko kazini.